Mijohoro 625 kando ya barabara ya Kasenga: shajara ya shamba la makala, Lubumbashi, 2019–2025

Tarehe 15 Septemba 2019: Kwa nini mjohoro

Nyumba yetu hapa Lubumbashi ina watu wanane, na tangu mwaka 2016 nimekuwa nikiandika katika daftari kila gunia la makala (makaa ya kupikia) linaloingia jikoni. Kwa wastani tunachoma kilo 45 kwa mwezi, na katika baridi ya Juni na Julai tunapita kiasi hicho, kwa sababu mbabula, yaani jiko la makala, huwashwa pia alfajiri kwa maji ya kuoga. Makala hayo yote hutoka katika msitu wa miombo unaouzunguka mji, na kila mwaka muuzaji wangu hunitajia kijiji kilicho mbali zaidi kuliko cha mwaka uliotangulia. Nina shamba kando ya barabara ya Kasenga, na sehemu yake moja, mita 50 kwa mita 50, haina miti tena isipokuwa visiki vichache vya miombo na kichuguu kimoja kikubwa pembeni. Naiandika shajara hii ili anayetaka kuotesha makala yake mwenyewe aone hatua zote, pamoja na zile zitakazoniharibikia.

Mti niliouchagua ni mjohoro, ambao wataalamu wa mimea huuita Senna siamea. Asili yake ni Asia ya Kusini na ya Kusini-Mashariki, na neno la pili la jina hilo latokana na Siam, jina la zamani la Thailand. Lamarck aliuandika mwaka 1785 kwa jina la Cassia siamea, na ndiyo maana vitabu vya zamani vya kilimo huuita hivyo. Jina la sasa lilitokana na kazi ya Irwin na Barneby ya mwaka 1982. Ni mti wa jamii ya mikunde, wenye maua ya manjano yaliyosimama kwa vishada na maganda bapa marefu, na katika Afrika ulienezwa hasa kwa ajili ya kuni, nguzo na kivuli cha barabarani.

Nilifikiria pia akasia aina ya Acacia auriculiformis, ambayo nchini mwetu ina mfano mkubwa wa Mampu, kwenye uwanda wa Bateke mashariki ya Kinshasa, ambako maelfu ya hekta yalipandwa kati ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wakulima huvuna makala kisha hupanda mihogo na mahindi mahali palepale. Kilichoniamulia ni kisiki. Akasia ile haichipui vizuri inapokatwa, kwa hiyo kizazi cha pili hutokana na mbegu, ilhali mjohoro huchipua upya mara nyingi kutoka kisiki kilekile. Wasiwasi wangu ni baridi, kwa kuwa mti huu hustawi hadi kwenye mwinuko wa mita 1,300 hivi, na Lubumbashi iko juu kidogo ya mita 1,200. Tuko ukingoni mwa makazi yake.

Tarehe 20 Oktoba 2019: Mbegu ngumu

Maganda niliyaokota chini ya mijohoro mizee iliyopandwa uani mwa parokia moja mjini, kwa ruhusa. Kilo moja ya mbegu za mjohoro huwa na mbegu kati ya 35,000 na 45,000, hivyo gramu 100 nilizozisafisha zilinitosha mara kadhaa. Sehemu kubwa ilikuwa ya maganda ya mwaka uliopita, yaliyokuwa yamekauka kabisa, na hapo ndipo kosa la kwanza lilipoanzia, kwa maana mbegu mpya huota kwa urahisi lakini mbegu iliyokaa hujifunga ndani ya ganda lisilopitisha maji.

Mbegu 200 nilizozipanda bila kuzifanyia lolote zilitoa miche 31 kwa muda wa wiki tatu. Mbegu 200 nyingine nilizichemsha motoni kwa dakika tano, kwa kudhani kwamba moto mwingi ni dawa zaidi, na zilitoa miche 9 tu. Nyingine zote zilioza udongoni zikiwa zimeiva kama maharage. Mara ya tatu nilichemsha maji, nikayaondoa motoni, nikayamimina juu ya mbegu na kuziacha humo mpaka asubuhi. Zile zilizovimba nilizipanda siku ileile, na zile zilizobaki ngumu nilizirudia usiku uliofuata. Katika 200, miche 148 ilitokea, na mingi yake ilichomoza kati ya siku ya 6 na ya 12. Hiyo ndiyo njia ninayomshauri mwenzangu aifuate. Nilijaribu pia kukwaruza ganda kwa kikatio cha kucha upande ulio mbali na kitovu cha mbegu, na mbegu 18 kati ya 20 ziliota, lakini kazi hiyo haiwezekani kwa mbegu elfu moja.

Mdogo wangu alinikumbusha kwamba vitalu vikubwa hutumia asidi ya salfa, na kwamba katika mji huu, ambamo malori ya asidi hupita kila siku kuelekea kwenye viwanda vya shaba, haingekuwa vigumu kupata chupa moja, au walau maji ya betri. Nilikataa. Asidi kali hutaka mikono iliyofunzwa, na maji ya betri iliyotumika yana risasi, ambayo sitaki iingie katika udongo wanaouchezea watoto. Maji ya moto yanatosha.

Tarehe 8 Desemba 2019: Udongo wa viriba

Viriba 800, yaani vifuko vya kuoteshea miche, viligharimu dola 16, na majani ya kivuli pamoja na ndoo ya kumwagilia dola 9. Udongo wa viriba 300 vya kwanza niliuchukua nyuma ya nyumba ya ndugu zetu, katika upande ule wa mji ambao kwa miaka mingi uliangukiwa na moshi wa kuyeyushia shaba. Sikufikiri. Pepo za kiangazi hapa huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, na mtu yeyote aliyekulia Lubumbashi ameyaona maeneo yaliyo upande wa pili wa dohani, yalivyo mekundu na yasivyoota majani. Baada ya wiki tano miche ya viriba hivyo ilikuwa na urefu wa sentimita 4, majani ya manjano na mizizi mifupi iliyobabuka, wakati miche mingine ya umri uleule ilikuwa imefika sentimita 11.

Niliviondoa viriba 260 na kuanza upya kwa udongo wa shambani. Mchanganyiko uliofanya kazi ni sehemu mbili za udongo wa juu wa shamba, sehemu moja ya udongo wa kichuguu na sehemu moja ya samadi ya mbuzi iliyoiva. Udongo wa vichuguu vyetu vikubwa una mfinyanzi mwingi na madini mengi ya chokaa kuliko udongo mwekundu wa kando yake, na wakulima wa hapa huutafuta kwa mboga tangu zamani. Hata hivyo usizidishe: viriba vya majaribio nilivyovijaza kichuguu nusu kwa nusu vilikauka na kuwa kama matofali, na maji yakawa yanatiririka pembeni bila kuingia.

Tarehe 18 Januari 2020: Kupanda

Nafasi ni mita 2 kwa mita 2, safu 25 za miche 25, jumla miche 625. Mashimo ya sentimita 40 yalichimbwa kwa dola 1 kila mashimo 10, yaani dola 62 na senti, na kusafirisha miche kulinigharimu dola 30 kwa safari mbili. Visiki vya miombo vilivyokuwa ndani ya safu niling'oa, na vile 19 vya upande wa kichuguu niliviacha kwa sababu vibarua walikuwa wamechoka. Kati ya safu nilipanda mahindi, nikitumaini kwamba mti wa jamii ya mikunde utayarutubisha.

Tumechelewa. Mche unahitaji wiki 12 hadi 14 kitaluni, na kwa kuwa nilianza Oktoba, miche imeingia ardhini mvua zikiwa zimebakiza miezi miwili na nusu tu. Anayefuata aanze kitalu mwezi Agosti, mara baridi inapolegea, apande mwanzoni mwa Desemba.

Tarehe 13 Septemba 2020: Moto

Hadi mwisho wa Agosti tulikuwa tumepoteza miche 58 kwa ukavu na kwa mchwa. Mchwa hawakuigusa miche yenye nguvu. Waliivamia ile iliyonyauka, wakaijengea gamba la udongo mpaka juu na kuila ngozi chini yake. Nilikuwa nimewasaidia bila kujua, kwa kuwa mnamo Mei nilirundika majani makavu kuzunguka kila shina ili kutunza unyevu, na majani hayo ndiyo yaliyowaleta. Nilipoyasogeza yawe umbali wa mkono mmoja kutoka shina, vifo vilipungua. Majivu niliyoyanyunyiza yalizuia kwa siku kadhaa tu.

Kisha, Jumanne iliyopita, mchana, moto wa nyika uliingia. Ukanda niliokuwa nimeufyeka kuzunguka shamba ulikuwa na upana wa mita moja na nusu, na upande wa mashariki nilikuwa sijaumalizia, kwa kuwa niliona kwamba kijia cha miguu kingetosha kuusimamisha moto. Majani yalikuwa makavu yenye urefu wa kifua, upepo ulikuwa mkali, na moto ulikiruka kile kijia pasipo hata kupunguza mwendo. Tulikuwa watu wanne wenye matawi mabichi. Tulipofanikiwa kuuzuia, safu kadhaa za mashariki zilikuwa zimekwisha kupita chini ya ndimi zake, na miche 210 ilisimama myeusi. Nilikaa chini nikalia, naliandika hili bila haya, kwa sababu watu wengi huacha miti yao mwaka huohuo wa kwanza wa moto, na ninataka wajue kilichofuata.

Tarehe 13 Desemba 2020: Visiki

Nilitaka kuing'oa yote. Mzee mmoja wa kijiji, mchoma makala wa siku nyingi, alinizuia: «Mama, usiguse mpaka mvua ya tatu.» Tulikata mabaki meusi kwa mkasi, sentimita 5 juu ya ardhi, tukangoja. Mwishoni mwa Novemba mashina 146 kati ya 210 yalikuwa yamechipua kutoka shingoni, mengine yakiwa na machipukizi matano au sita yenye nguvu kuliko mche wenyewe ulivyokuwa. Mizizi ilikuwa hai chini ya joto. Tuliacha chipukizi moja lililo bora kwa kila shina. Yaliyokufa kabisa ni 64.

Kwa hiyo hesabu ni hii: 625, toa 58, toa 64, imebaki miche 503, na wiki hii tumejazia 122 kutoka kitalu kilichoanzishwa Agosti. Gharama ya kujazia ni dola 31.

Tarehe 28 Machi 2021: Mahindi na mizizi

Katika msimu huu wa pili mahindi yaliyo katikati ya nafasi yamezaa, lakini mistari iliyo karibu na mijohoro ilikoma kiunoni na kutoa vigunzi vya kiganja. Nilimweleza mwalimu wa kilimo tunayesali naye, nikimuuliza ni ugonjwa gani, maana mti wa jamii ya mikunde hauwezi kuudhulumu udongo. Alinijibu: «Mama, chimba maharage, kisha chimba mjohoro, uvilinganishe.»

Nilichimba. Mizizi ya maharage ilikuwa imejaa vinundu vidogo, na nilipovipasua kwa ukucha ndani yake palikuwa na rangi ya waridi. Hiyo ndiyo alama kwamba bakteria waishio humo wanafanya kazi ya kuichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mizizi ya mijohoro mitano niliyoifukua kwa uangalifu, mpaka kwenye vinyweleo vya mwisho, haikuwa na kinundu hata kimoja. Ndivyo ulivyo mti huu po pote unapoota: ni wa jamii ya mikunde kwa maua na maganda, lakini haufungi naitrojeni, na mizizi yake ya juu hushindana na mazao kwa maji na kwa chakula. Wenzake wa jamii moja kutoka Asia, kama Albizia lebbeck, wana vinundu. Mwalimu aliniongezea jambo ambalo sikulijua ingawa nimelikanyaga maisha yangu yote, kwamba miti mikuu ya miombo yetu, Brachystegia na Julbernardia, nayo ni ya jamii ya mikunde, na mingi yake haina vinundu, bali huishi kwa kushirikiana na uyoga uliozunguka mizizi yake. Ule uyoga tunaoununua barabarani mvua zinapoanza ni sehemu ya ushirika huo.

Kosa lilikuwa la kusoma neno moja na kulijengea shamba. Kuanzia msimu ujao hapatapandwa mahindi ndani ya mijohoro. Mahindi yatakwenda upande wa pili wa kichuguu, na majani ya mjohoro tutakayopogoa tutayapeleka huko kama matandazo, kwa sababu yana naitrojeni na chokaa vilivyopandishwa na mizizi kutoka chini. Yanaoza polepole, na hilo katika joto letu la Septemba ni faida.

Tarehe 30 Juni 2021: Ukanda wa kukinga moto

Upana sasa ni mita 5 pande zote nne, umelimwa kwa jembe mpaka udongo mtupu, na umefanywa mwezi Mei kabla majani hayajakauka. Pamoja na majirani wawili tulichoma nyasi za nje ya ukanda mwishoni mwa Mei, jioni isiyo na upepo, zikiwa bado na ubichi unaoufanya moto utambae badala ya kuruka. Gharama ni dola 40 kwa mwaka, na nimeikubali kama kodi ya shamba.

Tarehe 9 Oktoba 2022: Nguruwe wa jirani

Hili ndilo kosa lililoniuma kuliko yote, kwa kuwa hasara haikuwa yangu peke yangu. Mwezi uliopita tulipogoa matawi ya chini na kuyarundika kando ya njia, yakiwa na majani na maganda machanga. Mbuzi wetu waliyala siku mbili bila shida, nami nikaona ni malisho. Siku ya tatu nguruwe wawili wa jirani walivunja zizi, wakala kwenye rundo lile, na kabla ya siku ya pili kuisha wote wawili walikuwa wamekufa. Jirani hakuja kugomba. Alisimama mlangoni akasema tu: «Mama, njoo uone.»

Nilipouliza nikaambiwa jambo ambalo lingepaswa kuwa la kwanza kuandikwa katika shajara hii. Majani, maua na maganda ya mjohoro yana alkaloidi ambazo wanyama wanaocheua, yaani ng'ombe, mbuzi na kondoo, wanazimudu, lakini ni sumu kali kwa nguruwe. Nilimlipa jirani dola 160, na matawi yote sasa hupelekwa moja kwa moja kwenye matandazo ya mahindi, ndani ya uzio. Kuku pia hatuwaachii.

Binti yangu aliuliza mbona watu wa Thailand hula mti huu. Ni kweli, wanaupika majani machanga na vichipukizi vya maua katika mchuzi wa nazi, lakini kwanza huyachemsha na kuyamwaga maji yake zaidi ya mara moja, kwa ajili ya uchungu na kwa ajili ya dutu iitwayo barakoli, ambayo hulegeza mwili na kuleta usingizi. Huko huko Thailand vidonge vya majani yake makavu, vilivyotumiwa kama dawa ya usingizi, viliwasababishia watu uvimbe wa ini. Nilimkumbusha kwamba sisi pia hatuli sombe, yaani majani ya mihogo, likiwa mbichi: tunaitwanga na kuichemsha kwa muda mrefu kwa sababu kama hiyo, nasi tulifundishwa na bibi zetu. Mjohoro hakuna bibi yetu aliyetufundisha kuupika. Tutaendelea kula sombe.

Tarehe 26 Machi 2023: Vipimo

Miti hai ni 612. Urefu wa wastani wa safu za magharibi, ambazo hazikuungua, ni mita 4.3, safu zilizochipua baada ya moto zimefika mita 3.9, tofauti ndogo kuliko nilivyotarajia. Baridi ya Juni na Julai huusimamisha mti kabisa, na ncha changa za miti 30 hivi iliyo kwenye bonde hukauka kila mwaka, kisha huanza upya. Mwaka huu maua yalikuwa mengi na nyuki nao wengi.

Tarehe 6 Julai 2025: Kukata

Tumekata miti 100 ya kwanza, safu nne za magharibi, ikiwa na miaka mitano na nusu. Mzunguko wa shina kwa kimo cha kifua ni sentimita 30 kwa wastani, urefu karibu mita 7. Miti 50 niliikata na mdogo wangu kwa msumeno wa mkono wa dola 14, sentimita 30 juu ya ardhi, kwa mkato mshazari ili maji yasituame juu ya kisiki. Miti mingine 50 ilikatwa na vijana kwa mapanga siku nisiyokuwepo, wengine wakikata karibu kabisa na ardhi, na visiki vingi vilipasuka na kubanduka ngozi. Nimevitia alama kwa rangi ili tuone tofauti.

Kiini cha mti ni cha kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, chenye michirizi, na ni kigumu. Fundi seremala aliyetutengenezea kigoda kutoka gogo moja alipiga chafya siku nzima na macho yakamwasha. Vumbi la mti huu huudhi pua na macho, na ni vizuri kufunga kitambaa usoni kabla ya kupiga msasa. Kuni zake zikiwa mbichi hutoa moshi mwingi, ndiyo sababu kwa mji makala ni afadhali.

Tarehe 21 Septemba 2025: Matanuru mawili

Tanuru la kwanza tulilichoma mwishoni mwa Julai kwa magogo ya miti 50 yaliyokuwa yamekaa wiki tatu tu. Nilikuwa na haraka. Yule mzee wa makala alinyanyua gogo, akaligonga kwa jingine, akasema linasema «bu» badala ya kulia, yaani bado lina maji; nikamwomba aendelee. Tulipanga, tukafunika kwa majani mabichi na mabonge ya udongo, tukawasha. Moto ulitumia siku mbili za kwanza kuyakausha magogo tu, moshi ukiwa mweupe na mzito, na ili usizimike tulilazimika kufungua matundu zaidi upande wa upepo. Usiku wa nne udongo uliporomoka pale ambapo magogo yalikuwa yameungua na kuacha uwazi, hewa ikaingia, na sehemu nzima ikateketea kuwa majivu kabla hatujaiziba. Tulipata kilo 104, na vipande vingi vilivyokuwa bado ni kuni katikati.

Tanuru la pili lilichomwa wiki iliyopita kwa magogo ya miti 50 mingine, yaliyokauka kivulini wiki kumi. Yalilia kama kengele yalipogongwa. Safari hii tulipanga magogo manene katikati na membamba pembeni, tukajaza nafasi kwa matawi madogo, tukaweka zamu ya usiku yenye ndoo ya udongo tayari, na tukasubiri siku tatu baada ya moshi kuwa wa buluu na kuisha kabla ya kufungua. Tulipata kilo 148. Mzee alilipwa dola 25 kwa kila tanuru, akaniambia kwamba la kwanza hataki lihesabiwe kuwa lake.

Jikoni nilipima mara tatu kwa mizani, sufuria ileile, mbabula uleule, kilo moja ya maharage. Makala ya mjohoro yalitumika gramu 900 hivi, na ya kununua gramu 1,050 hivi. Hayatoi cheche nyingi, na huhifadhi moto mpaka bukari (ugali) ya jioni.

Tarehe 30 Novemba 2025: Machipukizi na hesabu

Visiki 48 kati ya 50 vya msumeno vimechipua. Vya panga vimechipua 37, na machipukizi ya vile vilivyopasuka hukaa juu ya ngozi iliyoachana na mti, yakiguswa na upepo hudondoka. Msumeno wa dola 14 umejilipa. Mwezi Februari tutapunguza na kuacha machipukizi mawili au matatu kwa kila kisiki.

Gharama zote, bila bei ya ardhi, ni hizi: kitalu dola 25, mashimo 62, usafiri 30, kujazia 31, ukanda wa moto kwa miaka mitano 200, nguruwe 160, msumeno 14, matanuru 50, jumla dola 572. Mapato ni kilo 252 za makala, ambazo kwa matumizi yetu ni miezi mitano na nusu. Nilitumaini robo hii ya hekta ingetutosheleza mwaka mzima, lakini nikikata miti 100 kila mwaka kwa zamu ya miaka sita, na matanuru yote yakiwa kama lile la pili, nitapata karibu kilo 300, yaani zaidi kidogo ya nusu ya mahitaji. Kwa nyumba kama yetu, anayetaka kuacha kununua kabisa apange nusu hekta.

Vile visiki 19 vya miombo nilivyoviacha karibu na kichuguu sikuvigharimia chochote, wala sikuvihesabu katika ukurasa wo wote hapo juu. Leo nimevipima kwa mara ya kwanza. Tangu ukanda wa mita 5 ulipoanza kuvikinga na moto mwaka 2021, 17 vimeota mashina mapya, na lililo refu kuliko yote lina mita 3.2. Mvua za mwezi huu zimeotesha uyoga chini yake, na mama mkwe alijaza sahani mbili.